Petroli au kemikali? Ulinganisho kwa kijana wa Lamu anayechagua uhandisi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mabaraza ya Amu hugawanyika. Mtoto ana alama nzuri za hesabu, fizikia na kemia, udaktari hautaki, na mjomba keshapitisha hukumu: "Asome petroli, mafuta yanakuja Lamu." Mwalimu wa kemia anavutia upande wa uhandisi wa kemikali, kozi ambayo nusu ya ukoo inadhani ni ya kupika sabuni. Mwanafunzi yuko katikati, na KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, haimngojei mtu.

Hoja ya mjomba ina msingi. Machi 2012 mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, ulizinduliwa hapa Lamu na viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, na mwezi huohuo ikatangazwa kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia-1 huko Turkana. Watu wakazifunga habari mbili zikawa moja: mafuta yatoke Turkana, yaje kwa bomba, meli zipakie Kililana, penye bandari mpya. Ila tazama kazi zenyewe zinavyogawanyika. Mhandisi wa petroli anafuata kisima, na visima viko bonde la Lokichar, hukohuko Turkana. Kitakachofika Lamu, bomba likijengwa, ni ncha yake: matangi, pampu, vipasha joto, mita, mabomba ya kupakilia meli. Hizo ni kazi za wahandisi wa kemikali, mitambo, umeme na ujenzi. Anayesoma petroli ili apate kazi karibu na kwao huenda amechagua kozi ya kumpeleka mbali zaidi.

Hilo halifanyi kozi ya petroli kuwa mbaya. Linafanya sababu moja ya kuichagua kuwa mbaya.

Vya kupimia

Nimezipima kwa mambo matano: unasoma nini hasa, unaingiaje na unasomea wapi, kazi iko wapi, maisha ya kazi yakoje, na upepo ukigeuka unageukia wapi. Mshahara sikuupa nafasi yake, kwa sababu hutegemea nchi na mwajiri kuliko jina la shahada. Ni kweli kwamba duniani kote mhandisi wa petroli aliye kazini hulipwa vizuri sana. Neno la kutazama katika sentensi hiyo ni "aliye kazini".

Unasoma nini hasa

Miaka miwili ya mwanzo kozi hizi ni ndugu. Hesabu nyingi, fizikia, kemia, michoro ya kihandisi, elimu ya joto na nishati, na mwendo wa vimiminika na gesi ndani ya mabomba. Ukiwachanganya wanafunzi wa kozi zote mbili darasani, hutajua nani ni nani. Baada ya hapo mmoja hushuka ardhini na mwingine huingia kiwandani.

Anayeshuka ardhini hujifunza kwanza kwamba mafuta hayakukaa huko chini kama ziwa. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya jiwe. Mtu wa Lamu anaweza kulielewa jambo hili upesi kwa sababu ya Shela. Maji matamu tunayokunywa yamekaa kati ya chembe za mchanga wa vile vilima, na chini yake kuna maji ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda kisimani. Kwenye mafuta ni vivyo hivyo: maji ya chini hupanda kwa umbo la koni, na kisima kilichokuwa kinatoa mafuta kinaanza kutoa maji. Kukadiria kasi ya kuvuta, mahali pa kutoboa na kiasi kitakachobaki chini ndiyo moyo wa kozi hii. Kinachobaki ni kingi. Kwa kawaida theluthi hivi tu ya mafuta yaliyomo ndiyo hufika juu. Msingi wa hesabu hizo ni kanuni ya Darcy, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1856 baada ya kupitisha maji katika mchanga, hana habari na petroli kabisa. Juu ya hayo kuna jiolojia, uchimbaji wa kisima, matope maalumu ya kuchimbia, presha, saruji ya kushikilia bomba la kisima, na kusoma vipimo vinavyoshushwa shimoni.

Wa kemikali hujifunza kubadilisha kitu kiwe kingine kwa wingi, kwa usalama, na kwa gharama ambayo mwenye kiwanda hatalia. Ukisafiri kwa basi kwenda Malindi unayaona mabwawa ya chumvi upande wa Kurawa, Marereni na Gongoni. Ni kiwanda cha kemikali kinachoendeshwa na jua. Maji ya bahari yanapokolea, chokaa na jasi hutangulia kuganda na kutua. Baadaye ndipo chumvi ya kula inapojitenga. Ukichelewa kuyatoa yale yaliyobaki, unavuna chumvi chungu yenye magnesi. Kujua lini ufungue lango na lini ulifunge, ni kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimetoka, joto kiasi gani limetumika, ndio uhandisi wa kemikali wa mwaka wa pili. Baadaye huja minara ya kutenganisha vimiminika, matangi ya mmenyuko, udhibiti wa mitambo, usalama, na mwaka wa mwisho kuchora kiwanda kizima kwenye karatasi.

Kemia yenyewe katika kozi ya kemikali ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Anayependa maabara, mirija ya kioo na rangi zinazobadilika atachoshwa na kozi hii. Kwake kuna kemia ya viwandani, nayo nitaigusa mbele.

Kuingia na kusomea

Hapa tofauti ni ndogo. Shahada nchini Kenya huanzia wastani wa C+ katika KCSE, na kozi za uhandisi hutaka angalau C+ katika hesabu, fizikia na kemia. Hicho ni kiwango cha kukuruhusu kugonga mlango. Kufunguliwa ni alama za klasta, yaani za masomo ambayo kozi inayapa uzito, ambazo huhesabiwa hadi 48, na ushindani hupanda na kushuka kila mwaka. Kwa wadogo zao walio katika mtaala mpya, njia ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) ndiyo inayoelekea huku, na aliyeacha fizikia akiwa sekondari ya juu amejifungia milango yote miwili.

Uhandisi Kenya ni miaka 5. Petroli hufundishwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kemikali ina mizizi mirefu zaidi Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na iko pia Dedan Kimathi, Nyeri. Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kozi zote mbili kwa miaka 4, Dodoma kuna petroli, na Makerere kuna shahada inayochanganya jiolojia ya petroli na uzalishaji wake. Anayewaza Tanzania au Uganda aulize mapema kuhusu ulinganishaji wa cheti, maana wenzetu bado wana kidato cha sita.

Kwa mtoto wa Lamu zote ni za mbali. Ni boti hadi Mokowe, basi, kisha basi jingine, na nauli hiyo mara kadhaa kwa mwaka kwa miaka 5 ni gharama ambayo haimo kwenye barua ya karo. Ulizeni mikopo ya HELB, basari za kaunti na za eneo bunge, na ufadhili uliofungamanishwa na LAPSSET kwa vijana wa hapa.

Jambo moja lisichukuliwe juujuu: Bodi ya Wahandisi Kenya, EBK. Kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, huwezi kujiita mhandisi bila kusajiliwa, na usajili huangalia kama kozi uliyosoma, katika chuo ulichosoma, imeidhinishwa. Kuna waliosoma miaka yote 5 wakagundua mlangoni kwamba kozi yao haimo kwenye orodha. Jina kubwa la chuo halitoshi. Tazama kozi yenyewe.

Kazi iko wapi

Hapa ndipo penye tofauti kubwa, na hapa ndipo mjadala wa barazani huwa na maneno mengi na ramani chache.

Anza na petroli. Bahari ya Lamu imetafutwa mafuta kwa miongo mingi. Kisima kilichimbwa Pate mwanzoni mwa miaka ya 1970, na miaka ya karibuni wakarudi kuchimba kingine. Kampuni ya Eni ilichimba Mlima-1 katika kina kirefu cha bahari mwisho wa 2021, isipate kitu cha kuuza. Mpaka sasa hakuna mafuta wala gesi ya Lamu inayozalishwa kibiashara. Lokichar yapo, tena mengi, ila yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo sababu bomba lake lazima lipashwe joto njia nzima, na ndiyo sababu ni la gharama kubwa. Kati ya 2018 na 2020 mafuta yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa kwa majaribio, na shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019. Mwaka 2020 kazi zikasimama. Mwaka 2023 washirika wawili wa Tullow, TotalEnergies na Africa Oil, wakajiondoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikauza sehemu yake kwa Gulf Energy. Aliyejiunga na chuo 2012 kwa furaha ya Ngamia-1 alihitimu 2017, na aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mwanafunzi wa sekondari.

Kwa majirani hali imechangamka zaidi. Uganda wana visima vya Tilenga na Kingfisher kando ya Ziwa Albert, na bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Tanzania wamekuwa wakitumia gesi ya Songo Songo tangu 2004. Lakini sheria zao huwapa wananchi wao nafasi kwanza, kama vile Sheria ya Petroli ya Kenya ya 2019 inavyotaka Wakenya watangulizwe hapa. Huwezi kuifurahia sheria hiyo Lokichar ukailalamikia Hoima. Soko pana la mhandisi wa petroli Mkenya liko Ghuba ya Uarabuni na kwenye kampuni za huduma za visima zinazohamisha watu wao dunia nzima. Lamu na Ghuba si wageni wa jana, na kijana mwenye ndugu Oman au Emirati ana mahali pa kufikia.

Kuna mlango mwingine ambao husahaulika: mvuke wa ardhini. Visima vya Olkaria hufika kilomita 3, vinachimbwa kwa mitambo inayofanana na ya mafuta, na hesabu za hifadhi ya chini ni binamu za zile za petroli. Jotoardhi hutoa zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya. Mhandisi wa petroli anayeijua KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na GDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, ana nafasi ambayo haingoji bei ya mafuta.

Kemikali kazi zake zimetapakaa na nyingi hazina sifa barazani: saruji, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, rangi, dawa, mbolea, ngozi, karatasi, magadi ya Magadi, chumvi ya Gongoni, mitambo ya maji kama ile ya Baricho inayolisha Malindi na Mombasa. Nyingi ziko Nairobi, Athi River, Thika na Mombasa. Lamu kwenyewe hakuna viwanda vya kusema, kwa hiyo huyu naye atahama, ingawa kuhamia Mombasa si sawa na kuhamia Lokichar.

Tusiipambe lakini. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ambacho kingekuwa shule bora ya mhandisi wa kemikali Pwani, kiliacha kusafisha mwaka 2013 na kikabaki hifadhi ya mafuta. Machimbo ya titani ya Kwale yalifungwa mwisho wa 2024. Wahitimu wengi wa kemikali huanza kama wasimamizi wa zamu au wakaguzi wa ubora, kwa mshahara usiofanana na neno "mhandisi" jinsi linavyotamkwa nyumbani. Tena viwanda vya bia na pombe ni waajiri wa kweli wa taaluma hii. Kijana wa Kiislamu alijue mapema, asije akashangaa anapopangiwa huko mafunzo ya vitendo. Kukataa kunawezekana, ila kunapunguza orodha.

Kazi moja ya kemikali naiona ina nafasi hasa Lamu: mazingira. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa hapa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za bandari. Mwaka 2019 leseni ya mazingira ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 ikafutwa. Mabishano yote mawili yalijaa ripoti nene kuhusu mchanga uliofukuliwa baharini, moshi, majivu na maji ya kupoza mitambo, na ilibidi wataalamu waletwe kutoka kwingine kuzisoma. Mtu wa kwao anayeweza kufungua ripoti kama hiyo na kuuliza "tani hizi za majivu mumezipeleka wapi?" hajawa tele.

Maisha ya kazi

Kazi ya kisimani ni ya zamu ndefu: wiki kadhaa kambini au baharini, saa 12 kwa siku, kisha wiki kadhaa nyumbani. Jamii yenye mabaharia haitaona ajabu mtu kuondoka na kurudi kwa misimu. Kuna wanaoipenda sana, kwa sababu wakiwa nyumbani wako nyumbani kweli. Kuna pia gesi yenye sumu, presha kubwa na joto, na makosa ya kisimani hayasamehe. Si kila mhandisi wa petroli huishi kambini. Wa hesabu za hifadhi hukaa ofisini mbele ya kompyuta, ila wengi hupitia kisimani kwanza.

Kazi ya kiwandani ina zamu pia, za usiku na za sikukuu, ila jioni unarudi kwako. Hatari zipo: mvuke, asidi, vumbi, mitambo isiyozimwa. Unaweza kuoa, kupanga nyumba na kumpeleka mtoto madrasa jirani bila kuchora kalenda ya mwaka mzima.

Wazazi wa mabinti huuliza atalala wapi. Ni swali la haki na lina majibu: kambi za kampuni kubwa hutenga vyumba vya wanawake. Zipo kambi ambazo mwanamke ni mmoja kati ya wanaume wengi, na hilo lisemwe wazi kabla ya kuchagua. Lakini uamuzi awe nao binti mwenyewe. Nimeona mabinti wakizuiwa petroli "kwa usalama" halafu wakapangwa zamu za usiku kiwandani ambazo hazikuwa na gari la kuwarudisha.

Upepo ukigeuka

Mafuta yaliyouzwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 yalikuwa chini ya dola 30 Januari 2016, na kampuni zikapunguza watu kila kona ya dunia. Hivyo ndivyo sekta hii ilivyo: neema na kiangazi hupishana. Mwenye petroli peke yake hupigwa kwanza, ingawa ana njia za kugeukia, nazo ni mvuke wa ardhini, gesi asilia, visima vya maji na kazi ya kuhifadhi kaboni chini ya ardhi ambayo nchi nyingine zimeianza.

Mwenye kemikali huweza kuingia kwenye mafuta na kutoka. Kampuni za petroli huwachukua kwa kazi za juu ya ardhi, za kutenganisha mafuta, gesi na maji, na hata uzamili wa petroli wengi huusomea wakitokea kemikali. Kurudi upande wa pili ni kugumu zaidi: kiwanda cha sukari kikiona shahada ya petroli kitauliza maswali. Lakini upana una bei yake. Siku ya usaili wa kazi ya kisimani, aliyesoma petroli miaka 3 atamwacha wa kemikali nyuma, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kama zote mbili hazikufai

Aliyependa maabara aangalie kemia ya viwandani, ambayo ni miaka 4 na haina masharti ya EBK kwa sababu si uhandisi. Aliyependa miamba aangalie jiolojia. Asiyefika C+ asilazimishe: diploma ya uhandisi wa kemikali au ya mitambo ni njia halali ya kupandia, na Kampuni ya Mabomba ya Kenya ina chuo chake cha Morendat, Naivasha, kinachofundisha kazi za mabomba. Fundi mzuri wa kuunga chuma au wa vifaa vya kupimia huajiriwa bandarini kabla ya mhandisi asiye na uzoefu.

Kulingana na hali yako

Unapenda jiolojia na hesabu za vitu usivyoviona, hujali kuhama nchi, na nyumbani hakuna anayekutegemea kuanzia mwezi wa kwanza wa kuhitimu: petroli inakufaa, nayo ni nadra kiasi cha kukupa heshima yake. Jifunze pia mambo ya mvuke wa ardhini ukiwa bado chuoni.

Wewe ni kifunguamimba, wadogo zako wanakungoja, na familia inataka shilingi ianze kuingia mapema hata kama ni ndogo: kemikali ina milango mingi zaidi ya kugonga hapahapa Kenya.

Unataka kurudi kufanya kazi Lamu: kemikali yenye mwelekeo wa maji au mazingira iko karibu zaidi, lakini pima pia uhandisi wa ujenzi, mitambo na umeme, ambao bandari inautumia leo.

Una ndugu Ghuba walio tayari kukupokea na Kiarabu chako si cha kubahatisha: kwako petroli ina mvuto ambao mwenzako wa Nyeri hana.

Unataka mafuta lakini unaogopa kiangazi chake: soma kemikali kwanza, kisha uzamili wa petroli, ukikubali miaka ya ziada na karo yake.

Na ukifika siku ya mwisho ya kujaza bado hujaamua, fomu ina nafasi zaidi ya moja. Panga kwa mpangilio wa unachokipenda, si wa unachodhani utapewa, na kabla ya kubonyeza, fungua orodha ya EBK utafute kozi na chuo kwa majina yao kamili.